Kifafa Kinapokataa Dawa

Injili ya Mathayo, sura ya 17, inatupa habari za baba aliyempeleka mwanawe kwa wanafunzi wa Yesu, nao wasiweze kumponya. Biblia yetu ya Kiswahili inautaja ugonjwa wa kijana yule kwa jina tunalolijua sote: kifafa. Marko, katika sura ya 9, anaongeza mambo ambayo mzazi yeyote wa mgonjwa angeyasimulia: kwamba kijana alianza kuugua tangu utotoni, kwamba hutokwa na povu na kukakamaa mwili, kwamba mara nyingi ameangukia motoni na majini. Sisi tunaoishi Pemba tunaujua moto huo na maji hayo. Moto ni ule wa mafiga jikoni. Maji ni ya kisimani, au ya bahari chini ya ngalawa. Nasi tunalo la tatu ambalo Injili haikulitaja, nalo ni mkarafuu. Mchumaji akishikwa na kifafa akiwa juu ya tawi, hakuna wa kumdaka.

Katika habari hiyo lipo jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Wanafunzi walishindwa. Umati ulikusanyika, waandishi wakabishana nao, na katikati ya mabishano yale alikuwapo mgonjwa ambaye bado hajapona na baba yake aliyechoka. Swali la siku ile limebaki na kanisa mpaka leo: tumwambie nini mtu aliyeombewa na bado anaanguka? Na katika zama zetu limezaliwa swali la pili, ndugu wa lile la kwanza: tumwambie nini mtu aliyemeza dawa miaka na miaka, na bado anaanguka?

Insha hii inafuata historia ya maswali hayo mawili, kuanzia Wayunani wa kale hadi kifaa kidogo cha umeme ambacho madaktari huwapandikizia chini ya ngozi wagonjwa ambao dawa zimeshindwa kuwasaidia. Tunaifuata kwa sababu inatufundisha neno moja tunalolihitaji sana: mgonjwa aliyeshindikana kwa dawa si mtu aliyepungukiwa imani.

Mwezi, pepo na ubongo

Karibu miaka 400 kabla ya kuzaliwa Kristo, miongoni mwa matabibu wa Kiyunani waliofuata mafundisho ya Hippocrates, kiliandikwa kitabu juu ya ugonjwa ambao watu wa wakati ule waliuita ugonjwa mtakatifu. Waliuita hivyo kwa kuwa waliamini kwamba mungu fulani humshika mtu ghafla na kumwangusha. Mwandishi wa kitabu kile alikataa. Alisema ugonjwa huu hauna utakatifu kuliko magonjwa mengine, kwamba una asili yake kama hayo mengine, na kwamba makao yake ni ubongo. Akawakemea waganga waliouita mtakatifu ili kufunika kutojua kwao.

Mathayo alipoandika Injili yake kwa Kiyunani alitumia neno linalotokana na jina la mwezi, kwa sababu watu wengi walidhani kwamba mgonjwa huanguka kwa kufuata majira ya mwezi. Katika karne ya 3 Origen, mwalimu mkubwa wa kanisa kutoka Alexandria nchini Misri, aliifafanua sura ile. Alijua kwamba matabibu walikuwa na maelezo yao ya kimaumbile, lakini aliyakataa. Alifundisha kwamba ni pepo mchafu anayevizia majira ya mwezi ili watu waulaumu mwezi, na kwa kuulaumu mwezi wamlaumu Muumba wake. Nia ya Origen ilikuwa kuutetea wema wa Mungu. Hata hivyo fundisho la namna hiyo lilimwacha mgonjwa mahali pabaya. Kama kila anayeanguka ana pepo, basi kila asiyepona ana pepo aliyekataa kutoka, na jirani zake wana sababu ya kumwogopa.

Hatusemi kwamba Injili imekosea. Injili inatueleza alichokifanya Bwana kwa kijana mmoja, siku moja. Haikutupa kipimo cha kumpimia kila mtu atakayeanguka mbele yetu. Tena Mathayo mwenyewe, katika sura ya 4, mstari wa 24, anapowaorodhesha wagonjwa walioletwa kwa Yesu, anawataja wenye pepo kando na wenye kifafa kando. Hakuwachanganya. Waliokuja baadaye ndio waliochanganya.

Hapa kwetu pwani hofu hiyo ilikuwa na sura yake. Wazee walizungumza juu ya degedege, wakalihusisha na ndege au shetani anayempitia mtoto usiku, na tiba yake ikawa mafusho, makombe na hirizi. Sehemu kubwa ya degedege la watoto ilitokana na homa kali, hasa homa ya malaria. Na watafiti waliofanya kazi miaka mingi Kilifi, upande wa pili wa bahari yetu, wameonyesha kwamba mtoto aliyepona malaria iliyopanda kichwani yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa baadaye. Hivyo mama aliyesema kwamba mwanawe hajawa sawa tangu alipopitiwa na degedege alikuwa ameona kweli. Alichokosa ni mtu wa kumweleza kwamba kilichompitia mwanawe kilikuwa ugonjwa, nao uliacha kovu katika ubongo.

Nyumba ya Bethel na mlima wa Lutindi

Historia ya kanisa na wagonjwa wa kifafa si ya hofu peke yake. Mwaka 1867 Wakristo wa Ujerumani walianzisha makao ya vijana wenye kifafa karibu na mji wa Bielefeld. Makao hayo yalikuja kuitwa Bethel, yaani nyumba ya Mungu. Kuanzia mwaka 1872 yaliongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, mtu aliyekuwa amezika watoto wake wanne katika mwezi mmoja wa mwaka 1869. Wakati ule dawa ya kifafa iliyokuwapo ilikuwa moja tu, nayo hafifu. Watu wa Bethel hawakuweza kuwaponya wengi, lakini waliwapa kitanda, chakula, kazi ya mikono, ibada na jina la ndugu. Hawakungoja mgonjwa apone ndipo wamhesabu kuwa mtu.

Mwaka 1890 Bodelschwingh alijiunga na uongozi wa chama cha misheni kilichokuwa kikituma watu Afrika Mashariki, na mashemasi wa Bethel wakaja mpaka Usambara, ng'ambo ya Mkondo wa Pemba. Juu ya mlima wa Lutindi, katika eneo la Korogwe, mwaka 1896 walifungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili, watu ambao hapakuwa na mahali pengine pa kuwapeleka. Hospitali ya Lutindi ingalipo, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Kisiwani kwetu kanisa nalo lilianza kwa watu waliotoka utumwani. Amri ya Sultani ya tarehe 6 Aprili 1897 ilifuta hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, na mwaka huohuo Kanisa la Marafiki kutoka Uingereza, chini ya Theodore Burtt, lilianza misheni yake Banani, karibu na Chake Chake. Watu walioachwa huru walipata pale kazi ya ujira katika shamba la mikarafuu. Waanglikana wa misheni ya UMCA nao walifanya kazi upande wa Wete. Tunayataja haya kwa sababu moja. Lutindi na Banani zilianza kwa swali lilelile: ni nani asiye na mahali? Kanisa lililozaliwa na swali hilo haliwezi kumsahau anayelazwa peke yake ukumbini kwa sababu watu wanaogopa povu lake.

Lakini historia hiyohiyo inatuonya. Tarehe 14 Julai 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu wenye magonjwa waliyoyaita ya kurithi, na kifafa kilikuwa katika orodha. Hata wagonjwa wa Bethel walifungwa uzazi. Vita vilipoanza mwaka 1939, serikali ile ikaanza kuwaua wagonjwa katika hospitali za nchi, na wenye kifafa walikuwa miongoni mwa waliouawa. Nchi yenye makanisa makubwa na madaktari wenye elimu ilifika huko. Elimu peke yake haitoshi kumlinda mgonjwa, na makao mazuri peke yake hayatoshi. Ni lazima pia watu waamini kwamba anayeanguka ni mfano wa Mungu sawasawa na anayesimama.

Kidonge cha Mahenge

Dawa ya kwanza iliyosaidia kwa kweli, bromaidi, ilitajwa na tabibu Charles Locock huko London mwaka 1857. Mwaka 1912 daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wake dawa mpya ya usingizi, fenobabitoni, akaona kwamba wanaanguka mara chache zaidi kuliko mwanzo. Dawa hiyo ingali inatumika duniani kote, na zahanati nyingi za nchi yetu zinaijua.

Kwa Tanzania, jina la kukumbukwa ni la daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika nchi ya Wapogoro. Aliwakuta wagonjwa wengi wenye makovu ya moto, kwa kuwa mtu alipoangukia mafigani jamaa zake waliogopa kumgusa, wakidhani ugonjwa huambukiza kwa mate. Wengine walilishwa kwa chombo chao peke yao na kulala kando. Jilek-Aall aliwapa fenobabitoni na kuwafuatilia. Wengi wao walianguka mara chache zaidi, na wengine wakaacha kuanguka kabisa. Watu walipoona hivyo hofu nayo ikaanza kupungua. Kidonge kiliwafundisha majirani jambo ambalo maneno yalishindwa kuwafundisha: kama ugonjwa unatii dawa, basi ni ugonjwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Shirika hilo linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo, na kwamba dawa ya mwaka mzima inaweza kugharimu kiasi kidogo kama dola 5 za Marekani. Hata hivyo, katika nchi maskini, wagonjwa watatu kati ya wanne hawapati tiba wanayoihitaji.

Wasioitikia dawa

Asilimia 70 ni habari njema. Lakini msomaji mwangalifu atauliza, na hao 30? Hapo ndipo tunafika kwenye swali letu la pili.

Mwaka 2000 madaktari Patrick Kwan na Martin Brodie walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika Glasgow, huko Scotland. Kati ya wagonjwa 470 ambao hawakuwa wametibiwa kabla, asilimia 47 waliacha kuanguka kwa dawa ya kwanza waliyopewa. Dawa ya pili iliwasaidia asilimia 13 wengine. Dawa ya tatu ilimsaidia mmoja tu katika kila mia. Kwa hiyo wale ambao dawa mbili zimeshindwa kuwasaidia wana nafasi ndogo sana ya kusaidiwa na kidonge kingine. Ndiyo maana madaktari wa kifafa duniani wamekubaliana kwamba, mtu akiendelea kuanguka baada ya kujaribu ipasavyo dawa mbili zinazomfaa, ugonjwa wake uitwe kifafa sugu, kisha atafutiwe njia nyingine mapema badala ya kuongezewa vidonge miaka na miaka.

Tuliangalie neno lile, ipasavyo. Dawa iwe ya aina inayofaa kwa kifafa chake. Kipimo kiwe cha kutosha. Imezwe kila siku, wala isiishie njiani kwa sababu ghala la dawa limekauka au nauli ya kwenda Chake imekosekana. Bila hayo, hatuwezi kusema dawa imemshinda mgonjwa. Yawezekana hajaipata bado.

Waya shingoni

Wazo la kutumia umeme kwa kutibu ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika karne ya 1 tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliagiza kwamba mwenye maumivu ya kichwa awekewe samaki wa jamii ya taa, yule anayerusha umeme, ambaye mvuvi akimkanyaga huona mguu umekufa ganzi. Hakuwa akitibu kifafa, lakini alikuwa ameona kwamba umeme unagusa mishipa ya fahamu.

Katika miaka ya 1880, huko New York, daktari James Corning alitengeneza chombo cha kubana mishipa ya damu ya shingoni na kupitisha umeme hapohapo, akiamini kwamba kifafa huletwa na damu nyingi kupanda kichwani. Wazo lake la damu halikuwa sahihi, na chombo chake kikasahaulika. Mwaka 1929 daktari Mjerumani Hans Berger alichapisha michoro ya umeme wa ubongo wa binadamu, na kuanzia hapo ikaanza kuonekana wazi kwamba kifafa ni kama tufani ya umeme ndani ya ubongo: seli nyingi zinapiga umeme kwa pamoja bila mpango, na mwili unatii fujo ile. Mwaka 1938 watafiti Percival Bailey na Frédéric Bremer waligundua kwa paka kwamba ukiusisimua mshipa wa fahamu uitwao vagasi, ule unaoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi moyoni na tumboni, umeme wa ubongo nao hubadilika.

Ilichukua karibu miaka 50 wazo hilo lizae tiba. Mwaka 1985 mtafiti Jacob Zabara wa Philadelphia, Marekani, alieleza jinsi alivyozuia mitukutiko kwa mbwa kwa kuusisimua mshipa huo. Mwaka 1988, huko Winston-Salem katika jimbo la North Carolina, mgonjwa wa kwanza alipandikizwa kifaa. Nchi za Ulaya zilikiruhusu mwaka 1994, na Marekani mwaka 1997, kwa wagonjwa ambao dawa zimeshindwa.

Kifaa chenyewe kinafanana na kile wanachowekewa watu wenye mapigo ya moyo yasiyo sawa. Ni kibati bapa chenye betri, kinacholazwa chini ya ngozi ya kifua upande wa kushoto, chini ya mtulinga. Kutoka hapo waya mwembamba hupita chini ya ngozi mpaka shingoni na kuzungushwa kwenye mshipa wa vagasi wa kushoto. Huchaguliwa wa kushoto kwa sababu wa kulia una mkono mkubwa zaidi katika kuendesha moyo. Ubongo wenyewe haufunguliwi. Kwa kawaida kifaa hutuma umeme mdogo kwa sekunde 30, kisha hupumzika dakika 5, usiku na mchana. Mgonjwa anayehisi dalili za kuanguka, au jamaa yake, anaweza kupitisha sumaku juu ya kifua, na kifaa kikatuma umeme wa ziada papo hapo.

Wengine hukohoa, wengine sauti hukwaruza kila umeme unapopita. Betri ikiisha baada ya miaka kadhaa hufanyika upasuaji mwingine wa kuibadilisha. Na mgonjwa huendelea na dawa zake. Faida nayo huja polepole. Baada ya miaka michache karibu nusu ya wagonjwa huona kwamba idadi ya kuanguka imepungua kwa nusu au zaidi, lakini wanaoacha kuanguka kabisa ni wachache. Baadaye vimekuja vifaa vingine vinavyofika ndani ya kichwa chenyewe. Kimojawapo, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2013, huusikiliza ubongo na kutuma umeme pale tu tufani inapoanza. Pia kuna upasuaji wa kuondoa sehemu yenye kovu. Upasuaji wa namna hiyo umefanyika hapa Afrika Mashariki, katika hospitali ya watoto ya CURE, ambayo ni hospitali ya Kikristo, huko Mbale, Uganda.

Je, haya yako karibu na sisi? Gharama ya kifaa cha shingoni pamoja na upasuaji, katika nchi zilizoendelea, ni makumi ya maelfu ya dola. Hospitali zetu za Mkoani, Chake Chake, Wete na Micheweni haziwekei watu vifaa hivyo. Mgonjwa wa Pemba anayehitaji daktari wa ubongo huvuka bahari kwenda Mnazi Mmoja, Unguja, au Muhimbili, Dar es Salaam. Hatutaki msomaji afunge kitabu hiki na kuuza shamba lake ili kukimbilia kifaa.

Kwa nini basi tumekieleza kwa kirefu? Kwa sababu ya kile kinachotuambia juu ya mgonjwa. Kidonge cha Mahenge kiliwaonyesha watu kwamba kifafa kinachotii dawa ni ugonjwa. Kilibaki kichaka kimoja cha hofu kujificha: kile kisichotii dawa. Huko ndiko watu husema hadi leo, huyu si wa hospitali, huyu ana jambo. Waya wa shingoni umefyeka kichaka hicho. Mtu aliyeanguka miaka 20, dawa zote zikashindwa, huwekewa umeme mdogo juu ya mshipa mmoja, na kuanguka kwake kukapungua. Umeme haukemei pepo, wala hauondoi laana ya ukoo, wala haumsamehe mtu dhambi aliyoificha. Umegusa mshipa wa fahamu kwa kuwa ugonjwa ulikuwa katika mishipa ya fahamu. Na kama ni hivyo kwa yule wa Ulaya mwenye kifaa, ni hivyo pia kwa ndugu yetu wa Pemba asiye nacho.

Watu watatu katika kanisa letu

Kutokana na historia hii tunaona kwamba watu wanaoendelea kuanguka kati yetu ni wa namna tatu, na kila mmoja ana deni lake kwetu.

Wa kwanza ni aliyekosa dawa. Hajapelekwa hospitali, au amepelekwa na dawa hazikuwapo, au familia inaona aibu kwa kuwa hospitali nyingi za Tanzania huwapokea wagonjwa wa kifafa katika kliniki ya afya ya akili, na watu watasema ana wazimu. Huyu anahitaji mtu wa kumsindikiza. Anahitaji nauli. Mzee wa kanisa akiketi naye kwenye benchi la kliniki, aibu inapungua.

Wa pili ni aliyeacha dawa. Na hapa tuseme wazi. Katika makanisa mengi ya nchi yetu wapo wahubiri wanaowaambia wagonjwa watupe vidonge kama ushahidi wa imani. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta mtukutiko usiokoma, na mtukutiko usiokoma unaweza kuua. Hakuna mahali ambapo Bwana aliyaagiza hayo. Maombi na kidonge havigombani. Anayewaombea wagonjwa na awaombee akiwa ameuliza kwanza: leo umemeza dawa yako?

Wa tatu ni ambaye dawa imeshindwa kumsaidia. Amemeza kila siku na ameombewa kila Jumapili, na bado anaanguka, pengine mbele ya madhabahu wakati wa ibada. Huyu ndiye anayeteseka mara mbili, kwa ugonjwa na kwa macho ya watu. Kwake kanisa lisiwe mahakama. Asiulizwe ameficha nini. Akumbushwe kwamba mgonjwa mmoja katika kila watatu hivi, duniani kote, Waislamu na Wakristo, matajiri na maskini, yuko kama yeye. Ahimizwe kumwomba daktari wake rufaa, kwa kuwa dawa mbili zikishindwa si kosa kuuliza njia nyingine. Na kama njia nyingine haipatikani, apewe kile ambacho Bethel iliwapa watu kabla ya dawa nzuri kuwapo: nafasi kwaya, kazi inayomfaa mbali na mkarafuu na ngalawa, mwenza wa kwenda naye kisimani, na haki ya kuoa au kuolewa kama watu wengine.

Na siku atakapoanguka tena kati yetu, kila mmoja ajue la kufanya. Tusimkimbie, maana kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa kugusana. Tuondoe vitu vyenye ncha na moto ulio karibu, tumwekee kitu laini chini ya kichwa, tulegeze nguo shingoni, tumlaze ubavu. Tusimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, wala tusimbane mikono na miguu. Tuangalie saa. Ikipita dakika 5 bila kukoma, au akianguka tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Akizinduka, amkute mtu anayemjua ameketi karibu naye, anamwita kwa jina lake.

Baba wa kijana yule wa Injili hakuja na imani iliyokamilika. Alikiri mbele ya watu wote kwamba anaamini na kwamba bado ana shaka, akaomba asaidiwe katika hiyo shaka. Bwana hakumrudisha nyumbani akaikamilishe imani yake kwanza. Alimuuliza swali ambalo daktari yeyote mwema huuliza: amekuwa hivi tangu lini? Kisha akasikiliza jibu. Mwishoni, kijana alipolala kama mfu na wengi wakasema amekufa, Bwana alimshika mkono akamwinua. Kumshika mkono mtu aliyeanguka hakuhitaji kibati cha umeme wala maelfu ya dola, na tunaweza kuanza Jumapili ijayo.